Tanzia za Saa Kumi na Mbili

Jumatano hiyo soko la Daraja Mbili lilikuwa limefurika hadi barabarani. Gesare, akiwa na gauni la kijani na kilemba cha rangi hiyo hiyo, alikuwa akibishania bei ya nyanya wakati mwanamume mmoja mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri alipomsogelea.

"Samahani, madam. Si wewe ni ule wa redio, wa saa kumi na mbili jioni?"

Gesare akajikaza. Mji wa Kisii ulimjua kwa sauti, na kila aliyemtambua alikuwa na neno lile lile: asante, ulimtangaza mama yetu vizuri. Kwa mwaka mzima alikuwa akisoma matangazo ya vifo kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii: marehemu, umri, wajane, siku ya mazishi.

"Ni mimi."

"Naitwa Otiende, fundi wa simu, hapo chini tu. Nikisikia hiyo sauti hata simu iliyokufa inataka kuwaka. Lakini sielewi kitu, mimi mtu wa Homa Bay. Hizo ni salamu za wasikilizaji, ama?"

Angeweza kumsahihisha. Lakini huyu ndiye aliyekuwa mtu pekee mjini aliyemsikia bila kuona jeneza, na kusema kweli, Gesare alimpenda kwa hilo kabla ya kumpenda kwa lingine lolote.

"Ndiyo," akasema. "Salamu."

Wakapendana miezi minne. Simu hazikukatika, Otiende akimwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii.

"Umekula, nyar Kisii?"

"Nimekula, Mjaluo wangu. Na wewe, ama unangoja samaki atembee kutoka ziwani?"

Lakini kazi ilikuwa ikimmaliza. Usingizi ulimhama. Kisha akaanza kuwatangaza walio hai: akimwona askari wa mlangoni, kichwa chake chenyewe kilitunga tangazo la mtu huyo, umri na wajane. Daktari alimwambia aiache kazi hiyo upesi. Meneja, Manasseh, alikuwa na mkataba mezani. Anayeondoka kabla ya miaka miwili analipa mishahara ya miezi mitatu, na mwaka mzima haruhusiwi kusikika redio nyingine.

"Daktari hakutia sahihi hapa, Gesare," alisema kwa upole. "Wewe ulitia."

Akampigia Otiende.

"Nataka kuacha kazi."

"Na ile faini, mpenzi?"

"Nitalipa. Kichwa changu hakiko sawa, Otiende. Silali."

"Si upumzike tu wikendi? Kusoma salamu, kweli, ni kazi ya kugonjesha mtu?"

Hakuwa na kosa. Aliyemdanganya ni Gesare mwenyewe. Ila hasira haina subira ya kupima hayo. Akakata simu, akaizima. Ijumaa akapeleka barua, akaenda kwa mamake, Nyamusi, kule Gesima, kuchuma majani chai hadi faini iishe.

Wiki ya tatu Otiende akatokea kati ya michai, viatu vyake vya mjini vimejaa matope.

"Mama Sharon, yule jirani yangu wa cherehani, ndiye aliniambia," alisema hata kabla ya kusalimia. "Nilimuuliza mbona huyu mtangazaji mpya anasoma salamu kama anataka kulia. Akaniangalia hivi. 'Salamu gani? Hivyo ni vifo!' Gesare, miezi minne nimekuwa nikichezea matanga ya watu densi."

Gesare alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Ni mimi nilikudanganya. Nilitaka nibaki na mtu mmoja asiyenikumbusha vifo."

"Na mimi nikakwambia upumzike wikendi. Nisamehe, mpenzi."

"Hujasikia baya zaidi. Ile Jumapili ya mwisho, ukiwa unakula, nilitunga tangazo lako. Umri, kwenu, kila kitu. Ndipo nikajua lazima niondoke. Niliogopa nitakuzika ukiwa mzima."

Otiende akakwangua tope kiatuni.

"Ulisema nimeacha nani?"

"Mama yako na ndugu wawili."

"Na mke?"

"Hukuwa na mke."

"Basi hilo tangazo si langu. Mimi nitakufa nikiwa nimeoa. Wacha nilete wazee hapa."

Gesare akafuta macho kwa kiganja kilichopakwa weusi na majani. "Sina kazi. Na faini ni yangu, usiiguse."

"Sijauliza faini. Wazee waje lini?"

"Nikishalala wiki nzima bila kushtuka."

"Na ukianza leo?"

"Nikianza leo, waje wiki ijayo."

Otiende akamvua kikapu mgongoni, akakivaa yeye. "Basi nenda ukalale. Hii nitachuma mimi."

Alichuma vibaya mno, majani machanga na makuukuu pamoja, na Nyamusi akalazimika kuyachambua yote. Gesare alilala mpaka walipomwamsha kula.