Sala ya Jicho Moja

"Mimi nilimwombea tu, mama!"

"Uliomba au ulitangaza?"

"Niliomba! Katekista mwenyewe anasema tuwaombee wasiotaka kutubu."

"Alisema uwaombee. Hakusema uwasemee." Mama yake, Lucia, alikuwa akisugua ndoo ya maziwa kwa nguvu kana kwamba anagombana nayo. "Na usinipandishie sauti. Mimi si Jenifa."

Letisia hakutulia. Alishika fagio, akaliacha, akalishika tena.

Jumamosi iliyopita jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwa Bibi Benedikta. Zamu ya watoto kutoa nia ilipofika, wenzake waliombea mvua na wagonjwa. Yeye alisimama, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Tumwombee Jenifa. Alikuwa anacheza rede, ndama wake akaingia kwenye vitunguu saumu vya Bibi Benedikta na kukanyaga matuta matatu. Anajua, ila amekataa kutubu. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," watu walijibu, na wote wakamgeukia Jenifa.

Maneno yale yalikuwa kweli. Letisia alimwona ndama kwa macho yake. Kwa wiki mbili alimsihi rafiki yake akaseme, na Jenifa alirudia jibu lile lile: "Ndama wetu alikuwa amefungwa." Tangu siku ya sala, Jenifa hakuonekana shuleni. Sasa babu yake alikuwa amemruhusu aende Haydom, akaoshe vyombo kwenye mgahawa wa shangazi yake. Basi lingepita saa tatu asubuhi hiyo.

"Yuko darasa la sita, anaacha hivi hivi," mama alisema. "Kwa sala yako."

"Kwa kosa lake! Angetubu..."

"Uliposimama kuomba, ulikuwa unamtafuta nani? Mungu, au Jenifa akiaibika?"

Letisia alifungua mdomo. Jibu lilikuja, ila halikuwa zuri.

"Nilifumba jicho moja tu," alisema polepole. "Nilitaka kumwona."

"Umemwona basi."

"Saa ngapi sasa, mama?"

"Saa tatu kasoro robo."

Letisia alitupa fagio, akatoka mbio, kandambili mkononi.

Kituoni, basi lilikuwa limeshafika, injini inanguruma. Konda alikuwa akipakia gunia la viazi. Nusu ya jumuiya ilikuwa pale, ikienda mnadani. Jenifa alikuwa ameshaweka mguu mmoja mlangoni.

"Jenifa! Subiri!"

"Umekuja kuniombea tena?" Jenifa aliuliza. "Paza sauti basi, dereva hajasikia."

Watu walicheka. Masikio ya Letisia yaliwaka moto, lakini hakurudi nyuma.

"Nisamehe. Nilichukua sala nikakuchapia mbele ya watu. Ndiyo maana nasema mbele yao."

"Na ndama?"

"Sitamtaja tena. Hilo ni lako na Mungu."

"Haya, binti, unapanda hupandi?" Konda aligonga bati la basi.

Jenifa alimtazama Letisia, akalitazama basi, akashusha mguu. "Nipe begi langu," alisema.

Njiani walikutana na mama Letisia, mikono yake bado ina povu.

"Shikamoo, mama," Jenifa alisema.

"Marahaba. Jumatatu shuleni. Babu yako nitaongea naye mimi."

Jenifa alitangulia hatua chache. Letisia alimsogelea mama yake. "Na asipotubu?" alinong'ona.

"Utamwombea na kesho. Nani amekupangia siku? Sikiliza, Letisia. Ukimwombea mtu aliyekataa kutubu, mwachie mlango wazi wa kurudi. Wewe ulimwombea huku umeweka komeo. Na mwombee pale Mungu anapokusikia. Inatosha. Majirani hawana msamaha wa kugawa."

Walipofika kwenye uzio wa Bibi Benedikta, Jenifa alisimama. Alihamisha begi bega hili hadi lile.

"Tangulieni," alisema.

Letisia alitaka kumfuata aone. Mama alimkamata shati.

"Wewe, twende. Hapo hahitajiki shahidi."

Nyuma yao, sauti ya Jenifa ilisikika: "Hodi, bibi. Shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya vile vitunguu."