Mstari wa Saba

Karani wa kumbukumbu wa hospitali alikuwa amechoka kuyafunga mafaili ya wagonjwa kwa mkono, moja moja, kila jioni. Akaandika makro, maagizo machache ambayo kompyuta ingeyafuata yenyewe: lipe kila faili neno la siri, lihifadhi, lifunge. Mafaili yote arobaini yalifungwa kabla chai yake haijapoa.

Kesho yake neno alilolichagua halikufungua hata moja. Kompyuta ilinuka udongo mbichi.

Akamwita fundi. Fundi aliyasoma maagizo, kisha akasogeza kiti nyuma.

"Dada, mstari huu wa mwisho umeuandika wewe?"

"Mimi niliandika sita tu."

"Hapa ipo saba. Wa saba unasema, 'Funga mpaka nimalize naye.' Nikiufuta, unarudi."

Saa nane mchana faili la mgonjwa wa kitanda cha tisa likafunguka lenyewe. Hawajasema kitu, simu ikalia. Muuguzi alikuwa analitaka faili hilohilo. Mgonjwa amefariki sasa hivi. Nusu saa baadaye likafunguka la kitanda cha tatu, na simu ikalia tena.

"Zima," fundi alinong'ona.

Karani akachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzimika.

Fundi alitoka mbio, mkoba wake akauacha. Karani hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu faili la kitanda cha kumi na nne lilikuwa la mama yake mzazi, aliyelazwa ghorofa ya juu akingoja upasuaji, na sasa ndani ya mashine ile isiyo na umeme alisikia mtu akipumua, pumzi nzito, ya taratibu, kama ya mtu anayesoma orodha na kidole chake kimekaribia jina analolitafuta.

"Mwache mama yangu," alisema. "Nakuomba. Kama lazima, basi nichukue mimi."

Pumzi ikakatika. Kwenye kioo, jina la mama likafutika herufi baada ya herufi, na mahali pake likaandikwa la binti.

Baada ya wiki mbili mama alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akimuuliza mwanawe mbona amekonda hivyo. Karani hakumwambia. Kila asubuhi, hata koti hajavua, hulijaribu faili lile. Likikataa kufunguka, hushusha pumzi na kuanza kazi.

Jumatatu hii halikumuuliza neno la siri.