Mguu wa Hamdun na Mguu wa Ruwa

Kila asubuhi, kabla ya malori ya Miritini kuanza kunguruma, Nyamvula alimwinua mumewe kitandani, akampitisha mkono kiunoni, akamkokota hadi choo cha uani. Aliingia naye na kumshikilia humo humo. Ruwa alifumba macho. Miaka ishirini na miwili aliendesha lori, na sasa hakuweza kwenda haja bila kushikwa. Kiharusi kilimpiga mwezi wa Machi, kikamlemaza mkono na mguu wa kulia.

Wageni hawakukoma, kwani kumjulia mgonjwa hali ni ada njema ya majirani. Lakini kila aliyekuja alileta habari za mgonjwa mwingine.

"Hamdun wa duka la saruji umemsikia?" aliuliza Mzee Ngala siku moja ya Juni, akikoroga chai. "Kiharusi kama chako, mwezi mmoja na wako. Sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake."

"Kwa miguu yake," Ruwa alirudia.

"Na bakora hana. Wewe bwana unadeka. Au ni mapishi ya Nyamvula yanayokushikilia hapo?"

Ngala alicheka peke yake.

Siku hiyo Ruwa aliacha mazoezi aliyofundishwa hospitalini. Nyamvula alipombembeleza, aligeukia ukutani.

"Niache. Hamdun amefika msikitini, mimi sijafika mlangoni. Huku si kupona."

Wiki sita zikapita. Vidole vikajikunja. Nyamvula naye akanyamaza, maana moyoni alikuwa amekwisha kulinganisha vivyo hivyo. Kosa likawa la nyumba nzima.

Mwezi wa Agosti Bi Mwanarehema, mhudumu wa afya ya jamii, alipiga hodi.

"Shikamoo, Mzee Ruwa."

"Marahaba. Umekuja kunihadithia Hamdun?"

"La. Habari za mgonjwa mmoja sizipeleki kwa mwingine." Alimgeukia Nyamvula. "Mama, mwezi wa Aprili alikuwa akikaa vipi?"

"Kwa mito. Tukiiondoa, anaanguka ubavu."

"Uji je?"

"Ulimtoka pembeni mwa mdomo. Nilikuwa nikimfuta kwa leso."

"Na maneno?"

"Sikufahamu hata moja."

Ruwa alisikiliza kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Alikuwa amekaa bila mito. Alikuwa ametoka kunywa chai. Alikuwa amemjibu mgeni kwa ukali, na mgeni akamwelewa.

"Viharusi havilingani," alisema Mwanarehema. "Kimoja hugusa sehemu ndogo ya ubongo, kingine kubwa. Mmoja huwahishwa hospitali, mwingine huchelewa. Ukijipima kwa mtu usiyejua alianzia wapi, kipimo chako ni cha uongo. Jipime kwa hali yako ya mwezi uliopita. Na dawa za presha, meza kila siku."

"Basi nitaendesha tena?"

Mwanarehema alivikunjua vidole vya mgonjwa taratibu. Ruwa akauma meno.

"Sitakudanganya, mzee. Wiki sita ulizolala zimeudhuru sana mkono huu. Huenda usirudi wote. Mguu bado una nafasi, ukiufanyia kazi."



Kuanzia kesho yake mazoezi yalirudi, na Nyamvula akaandika hatua za mumewe kwenye kalenda. Nne. Tano. Tisa. Kisha homa ikamlaza, akaanza tena kwa mbili. Mgeni alipotaja jina la mgonjwa mwingine, Nyamvula alimkatiza: "Muulize mwenyewe wiki iliyopita alifika wapi." Wengine walikasirika, wakaacha kuja. Mzee Ngala alikuwa mmoja wao.

Mkono haukurudi. Mwajiri alimweka dereva mwingine kwenye lori lake.

Asubuhi moja ya Desemba alishuka kitandani mwenyewe. Alishika ukuta, akavuka ua kwa kuburura mguu. Nyamvula alimfuata hadi kizingiti cha choo.

"Ishia hapo," Ruwa alisema.

Akaingia, akafunga mlango kwa ndani kwa mkono wa kushoto. Mkewe akabaki nje, mara ya kwanza tangu Machi.