Mafuta ya Asmini ya Bi Ummu

Cherotich alipima kichupa kitupu, na mashine ikasoma asmini.

Alikuwa mkemia katika maabara ndogo mjini Amu, kazi yake kuchunguza manukato yanayotiwa ndani ya sabuni na losheni. Asubuhi hiyo Bi Ummu alikuwa ameleta kiasi cha mafuta ya nywele aliyouziwa na mchuuzi asiyemjua. Binti yake Fairuz aliyapaka, kichwa kikatoka vidonda vya usaha. Cherotich aliyapima: asmini, waridi, kisha, kwenye mchoro wa mashine, kilele kinene ambacho kompyuta haikukitambua. Akaisafisha mashine, akaweka kichupa kitupu. Kilele kikarudi, kimenenepa zaidi.

"Dawud, vyombo umeviosha kweli?"

"Mara tatu, dada." Dawud, fundi wa mashine, mzaliwa wa Amu, alishusha sauti. "Harufu hii si ya chombo. Majini hupenda manukato. Ifunge chupa hiyo ya mafuta."

Cherotich alicheka, akainusa. Juu asmini, chini yake nyama iliyooza. Harufu ilimganda ulimini kama shahamu baridi, akatema, akasukutua, akatema tena, na mate yakavutika kama kamasi, ndani yake unywele mweusi usio wake, ambao kila alipouvuta ulizidi kuja, ukimkwaruza koo, mrefu, telezi, wa vuguvugu.

Dawud aliporudi kutoka kuswali adhuhuri alimkuta Cherotich akiramba kifuniko cha chupa, kidevu kimelowa mafuta.

"Tamu," Cherotich alisema, kwa sauti ya mwanamume.

Dawud alikimbia akamleta Ustadh Abdulhalim, aliyemsomea Ayatul Kursiy sikioni.

"U nani?"

"Mgeni."

"Umetoka wapi?"

"Kwenye mai ya kuoshea maiti. Wakanitia asmini ninukie."

Ustadh akarejea kisomo. Cherotich akatapika ndooni: shahamu ya njano, kisha bonge la nywele lililokuwa likitweta. Walilichoma uani. Cherotich akalia, akaomba maji, na sauti ikawa yake.

Dawud hakungoja. Alienda mbio hadi kwa Bi Ummu, akabisha.

"Bi Ummu, Fairuz asiyaguse tena mafuta yale!"

"Kitwa kimepoa, mwanangu. Tangu yana usiku hajipaki."

"Alhamdulillahi!"

"Sasa twayanywa," alisema Bi Ummu, akijiramba midomo iliyong'aa, na mkono wake telezi ukamshika kifundo cha mkono. "Ingia. Tumekuekea."