Bismillahi Iliyomezwa

Tundu la bafuni lilikohoa kwanza. Twahiru, fundi wa mabomba wa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, alilisikia akajifanya hakusikia.

Vita vya Kongo vilikuwa vimewaka tena, na nyumba hii, aliyohamia Adrien juzi, ilikuwa imekaa bila watu miaka tangu wenyewe wa kwanza wakimbie. Lakini nyumba ikiachwa, wengine huhamia. Mama yake Twahiru alimfunza hilo kwa fimbo: usimwage maji ya moto tunduni bila bismillahi, watoto wa majini hulala humo.

Siku hiyo alifungua robine, yaani bomba, ya dushi, ile inayojipimia joto yenyewe. Alichomoa kichujio, akakiloweka kwenye siki hadi chokaa ikatoka, akaimwaga siki tunduni, akarudisha kila kitu. Ilibaki kubonyeza kidude chekundu kinachozuia maji yasiunguze, na kuachia maji ya moto yasukume uchafu tunduni. Alipofumbua mdomo kusema bismillahi, Adrien aliyesimama mlangoni akacheka.

"Fundi, unaongea na robine? Ile ni mambo ya bazee!"

Twahiru akaona haya. Akaimeza bismillahi, akafungulia maji.

Chini kitu kikalia, sauti nyembamba ya mtoto. Badala ya kufunga, akaongeza maji ili Adrien asisikie.

Nyumbani alimkuta mkewe Mukarugwiza amempakata binti yao, Ikirezi.

"Papa Ikirezi, angalia mutoto! Ameungua mugongo, na moto haiko!"

Malengelenge matupu, na mtoto ananuka siki. Twahiru akajua. Hakumwambia mkewe, mwoga yule!

Homa ilipompanda mtoto, Twahiru alimkimbilia Mzee Kamali, mtoa majini.

"Ulisikia inalia, ukaongeza maji?" Mzee alinong'ona Twahiru alipomaliza kumweleza.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi mi sina dua ya kufuta hiyo. Enda umuombe mama ya ule mutoto wa jini."

Alirudi bafuni kwa Adrien, akapiga magoti, akaisema bismillahi yake iliyochelewa, akaomba msamaha huku machozi yakimchuruzika, na mvuke ukaanza kupanda kutoka tunduni ingawa maji ya moto yalikuwa yamefungwa, ukamzunguka shingo, na ndani yake sauti ya mwanamke, karibu kabisa na sikio, ikasema kwa upole:

"Wangu amekufa. Wako atapona. Tutamlea pamoja."

Asubuhi mgongo wa Ikirezi ulikuwa laini, hata kovu hakuna. Mukarugwiza alilia kwa furaha, akamnyooshea mikono.

"Ikirezi! Kuya kwa maman!"

Mtoto hakugeuka. Alitambaa hadi kwenye tundu la maji uani, akalaza shavu juu yake, akaita chini:

"Maman."

Mukarugwiza akamtazama mumewe. Twahiru akaangalia ukuta, na hata siku hiyo hakumwambia.