Uzi wa Buluu

Cherehani ya Adija ilikaa barazani, na gari la mumewe lilikaa uani, karibu sana na baraza. Adija alishona sare za shule, za kitambaa cha buluu. Nyuzi zilienea kila mahali: kwenye kanga yake, kwenye nywele za binti yao Nawal, mpaka kwenye maharage.

"Mama Nawal, leo tena umepika uzi?" Yahaya, mumewe, alikuwa akimtania.

"We kula tu. Utakushona tumbo."

Lakini siku hizi utani ulikuwa umekwisha katika nyumba hiyo ya mtaa wa Buyenzi. Gari lilikuwa halitembei, na mimba ya Adija ilikuwa imeingia mwezi wa tisa.

Nawal alizaliwa kwa upasuaji, na mama yake alitokwa na damu nyingi. Kwa hiyo daktari alimwambia Adija waziwazi, "Safari hii, uchungu ukianza tu, njoo hospitali. Usikawie." Hospitali ilikuwa mbali, kwenye njia ya kupanda mlima. Tena esanse, yaani petroli, ilikuwa ya shida mjini. Teksi zilishinda kwenye foleni za pampu. Yahaya alikuwa na esanse ya kutosha kwenye tangi la gari, na aliitunza kama mboni ya jicho. Ila gari lenyewe ndilo lililokuwa limelala.

Lilimwangusha siku alipokuwa akipanda mlima wa Kiriri. Injini ilinguruma, gari likabaki palepale. Alipokagua mafuta ya buati, yaani sanduku la gia, aliyakuta meusi, yananuka kuungua.

Yahaya alikuwa fundi hodari wa buati za gia za mkono. Buyenzi nzima ilimjua. Buati hii, hata hivyo, ilikuwa ya otomatike, inayobadilisha gia yenyewe. Hakuwahi kufungua hata moja.

"Baba Nawal, uliza wenzako kwanza," Adija alimwambia.

"Apana! Mi niko fundi muzima, nitaenda kuuliza? Watanicheka. Buati ni buati."

Kichwa chake kilikuwa kigumu, na Adija alikijua. Akarudi kwenye cherehani, lakini roho yake haikutulia hata kidogo.

Basi Yahaya aliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya matofali, akaishusha buati. Aliifungua papo hapo uani. Vyuma vilitandazwa juu ya gunia: magurudumu yenye meno, springi, vigololi vidogo, na zile diski nyembamba zinazoshikana ili gari livute. Diski za zamani zilikuwa zimeungua. Yahaya alipata mpya. Vyuma vingine alivisafisha kwa esanse kwenye beseni, na mbabula ya Adija, jiko lake la makaa, ikiwaka jirani.

Adija aliona kazi ni nyingi, akataka kumsaidia. Alichagua vipande vizuri vya pamba kwenye mabaki ya ushonaji, akafuta chuma kimoja kimoja mpaka kikang'aa. Yahaya alifurahi.

"Angalia! Hata garaje ya wazungu haiko safi hivi."

Alifunga buati, akairudisha garini, akatia mafuta mapya mekundu. Adija alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo. Yahaya aliwasha injini, akaweka gia.

Gari halikusogea. Injini ikalia. Kisha, ghafla, likaruka mbele kwa kishindo, likazimika mbele ya cherehani.

Nawal akaangua kilio. Adija aliketi chini. Alijiona yuko njiani, damu inamtoka, na gari limesimama mlimani. Yahaya hakumtazama usoni. Aliinua gari tena, akalirudisha juu ya matofali yale yale, akaingia chini yake.

Wakati huo aliingia jirani yao Lubna. Alikuwa mwalimu wa umekanika katika shule ya ufundi, na alikuja kuchukua gauni lake. Aliona miguu ya Yahaya imechomoza chini ya gari.

"Salaam aleikum. Shemeji Yahaya, toka huko."

"Aleikum salaam, Mwalimu. Ngoja kidogo, niko namalizia."

"Usimalize. Toka sasa hivi!"

Sauti yake ilimtoa Yahaya mbio. Lubna aliokota bisibisi, akachokoa tofali moja pembeni. Kipande kikubwa kikameguka. Adija alikiona kikianguka. Alikuwa ameogopa gari lisilotembea. Hakuwaza kwamba gari hilo lingeweza kumfanya mjane.

"Tofali linabeba nyumba, halibebi gari," Lubna alisema. "Kuna vyuma vya miguu mitatu vya kuegemeza gari, wanaviita shandeli. Mi niko navyo. Jeki ni ya kuinulia tu. Bila shandeli mutu haingii chini. Na hii beseni inanuka esanse, karibu na moto! Munataka kuchoma mutaa?"

Yahaya aliinamisha kichwa. Waliizima mbabula, wakaliondoa beseni. Shandeli zilipoletwa na gari likaegemezwa vizuri, ndipo Lubna alipokubali kazi iendelee. Alimwongoza Yahaya kufungua sehemu ya chini ya buati, yenye vijia vingi vyembamba. Kisha akavuta kitu kwa ncha ya kibano.

Kilikuwa uzi. Uzi wa buluu.

Adija aliutambua papo hapo. Machozi yakamtoka.

"Ni mimi. Ni mimi niliharibu."

"Apana, Mama Nawal," Yahaya alisema taratibu. "Mi ndiye nilikusifu. Sikujua."

"Hakuna mwenye kosa la makusudi hapa," Lubna alisema. "Sikilizeni. Buati ya mkono inasukumwa na mkono wako. Hii inasukumwa na mafuta. Mafuta yanapita kwenye hivi vijia. Uzi mumoja ukiingia, kijia kinaziba, gari halijui lishike gia gani. Kwa hiyo kitambaa cha kuacha nyuzi hakigusi humu. Osha kwa mafuta ya taa, mbali na moto, halafu kausha kwa upepo wa pampu. Na hizi diski mupya, ulizilowesha?"

"Kuzilowesha?"

"Zinalala kwanza kwenye mafuta mekundu, mpaka zinywe vizuri. Ukiziweka kavu, zinaungua tena, na utarudi palepale."

Yahaya alishusha pumzi. "Basi ni kutoa yote upya."

"Yote. Tena hapa uani hapafai. Nyumbani kwangu kuna chumba kitupu, hakina cherehani."

"Na mutoto akija kabla?" Adija aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemnyima usingizi siku zote.

Lubna alimgeukia Yahaya. "Umemuomba nani gari ya akiba?"

Yahaya hakuwa amemwomba mtu. Ingebidi akiri kwamba gari limemshinda, yeye fundi, na aibu ilimfunga mdomo. Sasa alimtazama mkewe akilia. Alivaa viatu, akaenda kwa Abdu, mwenye duka la jirani, aliyekuwa na gari.

"Abdu, buati imenishinda," alisema. "Mama Nawal akishikwa na uchungu, utatubeba?"

Abdu hakucheka. "Unaniuliza? Nipigie simu saa yoyote. Esanse ya safari hiyo nitaiweka, siigusi."

Adija alipata usingizi siku hiyo, ingawa wa mang'amung'amu. Kila tumbo lilipobana, aliishika simu.

Yahaya alifanya kazi upya, polepole. Hakuona haya tena kuuliza. Alipiga picha kila chuma kabla ya kukitoa, ili ajue pa kukirudisha. Kabla ya kuingia chumba cha Lubna, alikung'uta shati mlangoni. Adija akitaka kuchungulia, alifukuzwa kwa upole: "Mama Nawal, kanga yako inamwaga uzi. Kaa mbali na mugonjwa wangu."

Buati iliporudishwa, Yahaya alipima mafuta injini ikiwa ya moto. Akapeleka gari kwanza peke yake, akapanda Kiriri, akashuka, akapanda tena. Aliporudi, hakujigamba. Alimpa tu mkewe ufunguo aushike.

Uchungu ulianza Adija akiwa anakata kitambaa. Yahaya alimpigia Abdu simu awafuate nyuma, endapo gari lingewaangusha tena. Kisha wakaondoka. Njia ilipoanza kupanda, Adija alifumba macho, akasikiliza injini. Gia ya kwanza. Akauma kanga. Gia ya pili, laini, bila kuruka. Gari lilipanda. Nyuma yao Abdu alipiga honi moja, ya furaha.

Daktari aliwapokea mapema, akamfanyia Adija upasuaji bila kuchelewa. Mtoto alikuwa wa kiume, sauti yake kubwa.

Baadaye Yahaya aliingia, amenawa mikono mpaka viwikoni. Muuguzi alimnyooshea mtoto pamoja na kitambaa cheupe alichokishona Adija. Yahaya hakumpokea mtoto kwanza. Alichukua kitambaa, akakipeleka dirishani, akakigeuza huku na huku.

"Baba Nawal, unatafuta nini?"

"Nyuzi."

Adija akacheka, mkono juu ya kidonda, machozi yakimtoka. Hakuwa amecheka hivyo tangu gari lilipolala. Yahaya alimfunika mwanawe, akamwinamia, akaanza kumsomea adhana sikioni.