Kisanduku cha Watu Wawili

Mbinya mwenyewe ndiye aliyekiweka kisanduku cha kukatia picha kwenye kompyuta kiwe saizi ya pasipoti, ili kila picha ikifunguliwa kikae usoni mwa mteja bila kusumbua. Siku hiyo, studioni kwake mtaani Mwiki, kilitokea kipana, cha watu wawili. Akakirudisha. Picha iliyofuata kikawa kipana tena, nusu mteja, nusu ukuta mtupu.

"Computer imeshikwa na virus," akamwambia Emmah, mwenzake wa kazi.

"Na hii harufu?" Emmah akanong'ona. "Aki Mama Janice, hii ni dawa ya mochari."

Mbinya hakuwa mtu wa mambo ya majini na mapepo. Hayo aliwaachia watu wa pwani. Lakini harufu hiyo aliifahamu. Mwezi uliopita alikuwa amemzika mumewe, Kiilu. Marehemu hakupenda kupigwa picha, na ya kuweka kwenye kijitabu cha programu ya mazishi ilipatikana moja tu, amempakata binti yao Janice. Kwa haraka za matanga, Mbinya akamkata mtoto, baba abaki peke yake, kisha akaihifadhi juu ya picha ileile ya awali. Picha pekee ya wawili hao ikapotea hivyo, na jambo hilo lilimuuma kuliko kaburi lenyewe.

Mchana Janice akatoka shule, akaketi kwenye stuli apigwe picha ya fomu ya shule. Mbinya akaifungua. Kisanduku kikajipanua, na pale penye ukuta mtupu akaanza kutokea mtu, kwanza bega, kisha suti ile waliyomzika nayo, kisha uso wa Kiilu aliyempenda, ukimwelekea mtoto, na mikono ikinyooka polepole kumpakata.

"Mum," Janice akasema, midomo imemkauka kwa baridi, "Baba anasema twende."

"Mkate atoke!" Emmah akalia kwa sauti ya chini. "Anamchukua mtoto!"

Mbinya akatazama. Hiyo ndiyo picha aliyokuwa akimwomba Mungu kila siku, baba na mwanawe. Roho ilimpasuka. Akakibana kisanduku, kikabaki na Janice tu.

"Nisamehe, Kiilu," akasema, akabonyeza kitufe cha kukata.

Harufu ikakatika. Janice akaporomoka mikononi mwake, akihema, mashavu yakirudiwa na joto. Alipopata sauti, alimsukuma mamake kifuani.

"Mbona umemfukuza, Mum? Alikuwa analia."